Pindo la Vidole Vinne

Nasikia siku hizi mtoto akinyamaza darasani siku tatu mfululizo, mwalimu anamwita mzazi, mzazi anapelekwa kwa mshauri, na mshauri anamwuliza mtoto anajisikiaje. Hongereni sana. Enzi zetu mtoto akinyamaza tulimsifu kwamba ana adabu. Akikonda tulisema anarefuka. Akilia bila sababu, tulimpa sababu. Na kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inatafuta sukari, nani angekuwa na nafasi ya kumwuliza mtoto wa darasa la tatu kichwani mwake kuna nini?

Mimi si daktari. Mimi ni Fundi Manyama, fundi cherehani mstaafu, kama mtu ambaye hajawahi kuajiriwa anaweza kustaafu. Nilishona sare za shule Bunda, kisha Musoma, mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano. Sasa nakaa Makoko, naangalia ziwa na kuwakosoa mafundi wengine. Ninyi vijana mnaojifunza ushonaji mlinijia juzi mkiwa na madaftari, mkaniomba niwape siri za kazi. Mlitegemea habari za kola na zipu. Kola mtajifunza tu, hata mjinga anajifunzaga kola. Siri kubwa niliyonayo inahusu mdomo wangu huu, na mtoto mmoja aliyeitwa Nyanjura ambaye nusura nimuue kwa mzaha.

Lakini kwanza pindo, maana bila pindo hamtanielewa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu, mtu wa Ujiji aliyekuja Bunda kufuata pamba akakuta pamba ina wenyewe. Alikuwa anashona kwenye kibaraza cha duka. Alivaa kofia safi, aliongea kwa upole, na alikuwa na rula ya mti ambayo haikuwa na upole wowote. Siku ya kwanza alinikabidhi sketi ya mtoto wa shule nimalizie chini. Nikaona kitambaa kimezidi, kama vidole vinne hivi. Nikasema moyoni, huyu mzee anazeeka, hata kukata hajui. Nikachukua mkasi nikakisawazisha vizuri, nikakunja pindo dogo la kupendeza. Rula ikatua mgongoni.

"Unajua umekata nini?" akaniuliza.

"Kitambaa kilichozidi, mzee."

"Umekata darasa la tano, la sita na la saba la mtoto wa watu."

Ndipo nikaelewa. Mkulima wa pamba analipwa mara moja kwa mwaka, kama chama cha ushirika kikikumbuka. Sare hanunui kila Januari, ananunua mara moja na anataka iishi. Kwa hiyo unamkatia mtoto sketi ya mtu mkubwa, unakunja ndani vidole vinne, na kila mwaka anarudi unamfumulia kidole kimoja. Kiunoni unaweka mikunjo ya kuachia. Mwaka wa kwanza mtoto anaonekana amevaa hema, mwaka wa mwisho anaonekana ameiba sare ya mdogo wake. Katikati hapo kuna miezi kama minne ambayo nguo inamkaa vizuri, na kwa bahati mbaya huwa ni likizo.

Tatizo la pindo ni alama. Kitambaa kilichojificha ndani hakipauki, kwa hiyo ukifumua unaacha mstari wa rangi iliyokoza. Mtoto wa darasa la saba anatembea na mistari mitatu kwenye sketi na shule nzima inaisoma. Wenzake wanajua kwao kukoje bila kufika kwao. Dawa yake, andikeni: kamulia ndimu kwenye mkunjo, weka kitambaa chenye maji, piga pasi ya mkaa yenye moto wa kutosha. Mkunjo unaondoka. Rangi haiondoki, hapo unashona utepe juu yake unamwambia mama mtu ni fasheni kutoka Nairobi. Nimewadanganya akina mama wengi sana, Mungu anisamehe, na wote walijua.

Jambo jingine. Ukimpima mtoto, usianze na futi, anza na visigino. Mtoto anataka aonekane mkubwa, anasimama kwa vidole vya miguu. Mshike bega, mshushe, ndiyo upime. Nilipima watoto maelfu kwa kanuni hiyo na wote walinidanganya kwa kwenda juu. Mmoja tu alinidanganya kwa kwenda chini, nami sikujua maana yake.

Basi ikaja ile miaka ambayo dukani kulikuwa na muuza duka, rafu na kalenda. Kitambaa hakuna. Nikajifanya mwerevu, nikahamia Musoma, kwa sababu Musoma ndiko kulikokuwa na kiwanda cha nguo. Nikasema, hata wakikosa wengine, mimi nitakuwa mlangoni. Nilikuwa mlangoni kweli. Mashine nazisikia zinavuma, malori yanatoka yamejaa majora, na mimi niko na kibali kinachosema niende ofisi nyingine nikachukue kibali. Pamba ya Bunda inafumwa Musoma, mtoto wa Bunda na mtoto wa Musoma wote wanakwenda shule na kaptura iliyopasuka nyuma. Ilikuwa mipango ya kitaalamu, mtu wa kawaida hakuweza kuielewa.

Miaka ile nilishona kwa chochote. Nilishona kaptura kwa pazia, shati kwa shuka la hospitali ambalo sikuuliza limetokaje hospitalini. Kulikuwa na ndugu wawili wanaosoma zamu, mkubwa asubuhi, mdogo mchana, na shati lao lilikuwa moja. Wanakutana njiani, mkubwa analivua, mdogo analivaa lingali na jasho. Sisi kibarazani tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Tuliwaita bendera, eti mmoja anapandisha mwingine anashusha. Mdogo akaanza kukojoa kitandani, mkubwa akawa hataki tena kwenda shule. Tukasema watoto wa siku hizi deko. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa jasho la mwenzake mbele za watu kila siku ya Mungu, lakini deko tulikuwa tunalijua sana.

Kisha wakasema ruksa, kila mtu auze na anunue atakacho. Loo! Ruksa ilikuja na kila kitu isipokuwa hela. Maduka yalijaa. Mitumba ikashuka sokoni, mashati ya Wazungu marehemu, tukayapigania. Mtoto wa miaka nane aliyekuwa hana cha kutamani sasa ana vya kutamani mtaa mzima. Na kiwanda nacho, ambacho kilikuwa na wafanyakazi na hakikuwa na nguo, sasa kikagundua kwamba kinaweza kukaa bila wafanyakazi pia. Wakaita ni kupunguza. Neno zuri, unapunguza mtu kama unavyopunguza chumvi.

Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Magesa, mfumaji, mtu wa Suguti, mrefu mpaka anainama kwenye milango ya watu. Mkewe naye mrefu. Walipanga chumba na sebule jirani na kibaraza changu, walikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao ndiye Nyanjura, wa darasa la tatu. Alikuwa na miguu mirefu na meno mapya, na maswali yasiyoisha. Akitoka shule anapitia kwangu kuokota vipande vya vitambaa, ananiuliza uzi unatoka wapi, nyangumi anakula nini, kwa nini nina upara. Nilimpenda yule mtoto. Nataka mjue hivyo, kwa sababu mzaha mbaya tunawafanyiaga tunaowapenda.

Baada ya baba yake kupunguzwa, maswali yakapungua. Magesa alikuwa anashinda ndani na redio. Ikifika saa kumi anatoka kwenda kuangalia kama tangazo la malipo limebandikwa, anarudi, hasemi na mtu. Mke akaanza kukaanga dagaa na kuuza. Kwenye chumba na sebule hakuna siri, ugomvi wa wakubwa mtoto anausikia akiwa amelala na akiwa ameamka. Na ugomvi wao, kama wa kila nyumba siku zile, ulikuwa juu ya vitu vilivyoisha. Unga umeisha, sabuni imeisha, na huyu mtoto sare imeshaanza kumwacha.

Januari mama yake akamleta nimfumulie pindo. Sketi ilikuwa imebakiza vidole viwili tu na mtoto alikuwa amerefuka kwa pupa. Nikafumua vyote viwili, ikafika magotini kwa shida. Pale kibarazani kulikuwa na wateja na marafiki wa kahawa, na mimi nikiona watu zaidi ya watatu lazima niseme kitu.

"Wee Nyanjura! Ukiendelea kurefuka hivi baba yako atauza kitanda akununulie sketi. Mtalala chini wote kwa ajili ya miguu yako!"

Watu wakacheka. Mama yake naye akacheka, kile kicheko cha kujikaza. Mtoto hakucheka. Akaniangalia, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Fundi, shikamoo. Mtu anaachaga vipi kukua?"

Jamani, kibaraza kizima kikaniangalia kungoja jibu. Na jibu nilikuwa nalo, mimi majibu sikosagi.

"Marahaba. Unaacha kula, basi."

Tulicheka mpaka mzee mmoja akamwaga kahawa yake. Ulikuwa mzaha wangu bora wa mwezi ule, niliurudia mpaka sokoni.

Mwaka ukapita. Nyanjura hakuja tena kuokota vipande, nikasema amekua, ana mambo yake. Januari iliyofuata wakaja na mama yake, tuone kama ile sketi itafika mwaka mwingine. Nikapiga magoti nimpime. Nikashika futi, nikaona kitu cha ajabu: sketi bado iko magotini, palepale. Nikatazama visigino, viko chini. Nikatazama magoti, nikaona ameyakunja kidogo ndani ya sketi, ameyakaza mpaka yanatetemeka.

"Simama wima wewe, unachuchumaa kwani nakupima kaburi?"

Akanyooka. Hata alivyonyooka, sketi ilikuwa imepanda kidogo tu, nusu kidole. Kiunoni ndiko nililazimika kukunja, tena sana, sketi ilikuwa inamzunguka. Futi ilikuwa mkononi mwangu, vijana. Namba niliisoma kwa macho yangu mwenyewe. Mtoto aliyepungua kiuno kwa vidole vitatu katika mwaka mmoja, na mimi fundi niliyesifika mji mzima nikasema mkanda wa sketi umelegea. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula naacha kijiko. Nikamsifu.

"Huyu ndiye mtoto! Mama Nyanjura, una bahati. Wenzake sketi zinawaacha, huyu anakutunzia yake. Hana gharama kabisa!"

Nikampa pipi. Akaishika, akasema asante, akaitia mfukoni. Na akatabasamu, mara ya kwanza kwa muda mrefu, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Machi akaanguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Zahanati wakasema hana malaria, hana minyoo, mpeni chakula bora. Ushauri mzuri sana, chakula bora kwa nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe. Jirani mmoja akasema amerogwa. Wakampeleka kwa bibi yake Butiama, yeye na wadogo zake, na bibi akachinja kuku, akamwekea mtoto paja. Mtoto akaligawa kwa wadogo zake mbele ya macho ya bibi. Bibi alikuwa mtu mzima mwenye akili kuliko sisi wote, hakumpigia kelele wala hakumwita mganga. Alimkalisha jikoni siku mbili akichambua naye mboga, bila kumwuliza lolote, mpaka siku ya tatu mtoto akasema mwenyewe. Akasema yeye akikua baba atauza kitanda. Akasema tangu mwaka jana ameacha kula vizuri, anakula matonge matatu tu, na inasaidia. Akasema fundi ndiye aliyemfundisha, na fundi mwenyewe ameshampima ameona amefaulu.

Mama yake alikuja kibarazani kwangu saa nne asubuhi, watu wapo. Hakukaa.

"Fundi Manyama, mwanangu ulimwambia nini?"

Nikaanza, "Mama Nyanjura, ulikuwa mzaha tu, hata wewe ulicheka..."

"Nilicheka kwa sababu sikuwa na hela ya kukujibu," akasema. "Mtoto wangu anakufa na njaa kwa akili yake mwenyewe, chakula kikiwepo na kisipokuwepo. Nikimwambia kula, ananiambia nisijali. Mtoto wa miaka kumi ananiambia mimi nisijali! Wewe ndiye anayekuamini. Nenda ukamwambie, ukishindwa usinipitie tena mlangoni."

Hakuna aliyecheka. Kahawa ilipoa kwenye vikombe, na mimi mwenye majibu yote nikawa natafuta sindano ambayo ilikuwa imechomekwa kifuani mwa shati langu.

Nilikwenda Butiama. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mikono kama ya mtoto wa miaka sita, macho makubwa. Akanisalimia vizuri. Nikamwambia nilikuwa natania. Akanikubalia kwa kichwa, na tonge la nne hakula. Nikamwambia kukua ni bure. Akaniuliza, "Bure kivipi, fundi? Sketi si ulifumua pindo lote?" Mtoto alikuwa sahihi. Hesabu ya nyumba yao aliijua kuliko baba yake, na mimi ndiye niliyeithibitisha kwa futi. Mtu aliyeshawishiwa kwa kipimo hutamtoa kwa maneno.

Nikarudi Musoma. Chini ya kitanda changu nilikuwa na kipande cha kitambaa cha buluu, kile cha zamani cha kiwanda, kizito, nilichokificha tangu enzi za vibali. Nilikiweka kwa ajili ya siku ya shida, na nilikuwa nimeshapita siku za shida kadhaa bila kukigusa, ndivyo nilivyokuwa bahili. Nikakikata chote. Nikashona sketi moja, na pindo lake halikuwa la vidole vinne. Nilikunja mara ya kwanza, nikakunja tena, na tena, mpaka pindo likawa zito kuliko sketi yenyewe. Mzee Sefu angenipiga rula kwa uharibifu.

Nikarudi nayo Butiama. Nikakaa kwenye mkeka, nikamtolea wembe wangu wa kufumulia ambao sikuwahi kumpa mtu, nikamwambia fumua. Akafumua mkunjo wa kwanza, taratibu, uzi mmoja mmoja kama nilivyokuwa namwonyeshaga zamani. Kitambaa kikashuka. Akafumua wa pili, kikashuka. Wa tatu kikafika chini kwenye vumbi, akainuka ameishika sketi kiunoni, nayo ikamzidi miguu.

"Ya nani?" akauliza.

"Yako. Hiyo inakufikisha darasa la saba, hata ukiwa mrefu kumpita baba yako. Hakuna kitanda kitakachouzwa. Kitambaa kipo."

"Kimeshanunuliwa?"

"Kipo mkononi mwako. Pima mwenyewe."

Nikampa futi. Akapima, urefu wa sketi, kisha urefu wake mwenyewe, na bibi akamshikilia futi begani. Alirudia mara mbili, hakuniamini, na alikuwa na haki. Ndipo akakaa chini akaanza kulia, kwanza kimya kimya, baadaye kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo kabisa. Bibi akaniambia nitoke nje, wanaume hatuna kazi hapo. Nilipoitwa ndani nilikuta sahani ya ugali wa muhogo na dagaa, naye anakula, anahesabu matonge kwa midomo, na alivuka matatu.

Msidhani aliamka kesho amenenepa. Ilichukua zaidi ya mwaka, siku nyingine anakula, siku nyingine anaficha tonge chini ya mkeka. Magesa hatimaye alipata kibarua cha kuchambua pamba Bunda, wakahamia Nyasura, na hapo ndipo redio ilipozimwa na maswali yakaanza kurudi. Mimi nilibaki Musoma nikajifunza kunyamaza nikimpima mtoto. Wateja walilalamika kwamba nimekuwa mtu wa kununa.

Ninyi mnaniuliza siri za kazi. Basi niwaambie ya mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu na cherehani nimeifunika turubai. Alikuja mama mmoja kutoka Bunda, ana duka lake la pembejeo, amevaa sketi nzuri ya dukani, amemshika mkono binti wa miaka tisa. Mama mwenyewe hakuwa mrefu. Kwao wote warefu, yeye tu hakufika. Akasema, "Shikamoo fundi. Nimemleta binti yangu. Nataka ashonewe na wewe."

Nikaondoa turubai. Nikapiga magoti, na siku hizi kupiga magoti ni safari. Binti ni mrefu, ana miguu ya babu yake Magesa. Nikatazama visigino kama nilivyofundishwa, viko chini. Magoti yake yamenyooka. Nikasoma futi kwa sauti, na nilipotamka ile namba kubwa, nikaona kwa pembeni miguu ya mama yake, hapo karibu na uso wangu. Nyanjura, mwenye duka na watoto watatu, alikuwa amesimama amekunja magoti, kidogo tu, ameyakaza, na hajui.

Nikawa na mzaha ulimini. Nao ulikuwa mzuri.

Nikaumeza. Nikainua uso, nikamtazama yeye, si mtoto.

"Kitambaa kipo," nikamwambia.